Umeshakubaliwa mapema Yale: uendelee kutuma maombi mengine au utulie?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 18, namaliza A-level hapa Mombasa mwezi Juni. Wiki iliyopita Yale walinikubali kwa mpango wao wa mapema, ule wa kuomba chuo kimoja. Barua ya fedha nayo imekuja: wazazi wachangie dola 4,600 kwa mwaka, mengine chuo kitalipa. Baba ni karani bandarini, mama ana duka la vitambaa Marikiti. Kwenye fomu ya fedha tuliandika mauzo ya duka, shilingi milioni 2.6 kwa mwaka, na nyumba ya urithi ya Kisauni yenye thamani ya shilingi milioni 14. Nilikuwa nimeandaa maombi ya vyuo tisa zaidi, ila sijayatuma: Harvard, Princeton, MIT, Stanford, Columbia, Cornell, Amherst, Bowdoin na NYU Abu Dhabi. Nataka kusomea uhandisi wa kemikali. Baba asema nisitume hata moja, mshika mbili moja humponyoka. Mshauri wa shule asema nitume yote tisa. Zimebaki siku kumi mwezi wa Desemba uishe. Nifuate la nani?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kwa kuwa siku ni chache nakupa jibu kwanza: tuma matatu, yaani MIT, Princeton na NYU Abu Dhabi, na sita yaliyobaki uyaache. Lakini kabla ya hata moja kati ya hayo matatu, keti na wazazi wako muiandikie ofisi ya fedha ya Yale. Kwa jinsi ulivyoeleza fomu yenu, hizo dola 4,600 zimetoka kwenye makosa mawili yanayorekebishika, na kuyarekebisha kuna faida kubwa kwenu kuliko maombi yote tisa.

Tuanze na aina ya barua uliyo nayo, maana kila kitu kimesimama hapo. Mipango ya mapema ya vyuo vya Marekani iko ya namna tatu, na watu huichanganya kwa sababu karibu yote hupokea maombi hadi tarehe 1 au 15 Novemba na kutoa majibu mwezi Desemba. Wa kwanza ni Early Decision. Huo unafunga: mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa ataenda, na maombi mengine yote atayaondoa. Wa pili ni Early Action, ambao haufungi wala haukatazi kuomba kwingine. Wa tatu ndio wako, na Yale, Harvard, Princeton na Stanford wote wanautumia: haukufungi, ila unakukataza kuomba mapema kwenye chuo kingine cha binafsi cha Marekani. Katazo hilo lilikuwa la Novemba na Desemba. Jibu lilipotoka, limekwisha. Una hadi tarehe 1 Mei kuwaambia Yale ndiyo au hapana, na katikati hapo unaweza kuomba popote kwa awamu ya kawaida bila kuwataka ruhusa. Nafasi yako haipungui kwa kuwa umeomba MIT.

Kwa hiyo methali ya baba haikukuhusu hapa, lakini asiitupe, kwa maana ipo mahali itakapokuuma. Vyuo kadhaa vina awamu ya pili ya mpango unaofunga, iitwayo Early Decision II. Maombi yake hupokelewa siku zilezile za Januari na majibu hutoka Februari. Kwenye Common App, fomu ya pamoja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, awamu hiyo ni mstari mmoja tu katika orodha ya kuchagua, jirani kabisa na Regular Decision, ndiyo awamu ya kawaida isiyofunga. Katika vyuo vyako tisa, Bowdoin na NYU Abu Dhabi wanayo. Ukibonyeza mstari huo na Abu Dhabi wakakukubali, umejifunga kwao na Yale itabidi uiache, na saini ya mzazi wako itakuwa imeshapita. Chagua Regular Decision, kisha uangalie tena kabla ya kutuma.

Kwa wasomaji wengine waliokubaliwa kwa mpango unaofunga, jibu langu ni tofauti kabisa. Ondoeni maombi mengine yote mara tu barua ya fedha ikifika na mkaona mnaimudu. Msitume mapya. Sababu pekee inayokubalika ya kujitoa ni fedha: msaada uliotolewa haumwezeshi mwanafunzi kwenda. Hapo mzazi huandika, ofisi hupitia hesabu, na wasipoafikiana chuo humwachilia mwanafunzi. Akishaachiliwa, nafasi ile haimsubiri huku akijaribu kwingine. Anayetia saini kisha akaendelea kuomba kimyakimya humtia mshauri wake katika hali mbaya, kwa kuwa ndiye atakayetakiwa kutuma ripoti za masomo kwenye vyuo vile vingine huku ametia saini kwamba havitaombwa. Shule inayopoteza imani kwa chuo huipoteza pia kwa wanafunzi wa miaka inayofuata.

Turudi kwako. Mshauri wako anakutakia mema, ila "tuma yote" ni ushauri wa mwezi Septemba. Orodha ya vyuo kumi hutengenezwa na mtu ambaye hana hata kimoja: anaweka vigumu, vya wastani, na kimoja au viwili vya kumwokoa. Kazi hiyo ya kujikinga imekwisha. Sasa kila chuo kilichobaki lazima kijibu swali jipya: kikinikubali Machi, na kikanipa fedha zote kinazoweza kutoa, je, nitaiacha Yale niende huko? Kama jibu ni hapana, insha zake unaziandikia nini? Kama jibu ni labda, iwe labda yenye sababu unayoweza kuiandika kwa sentensi moja, na sababu hiyo isiwe jina la chuo wala nafasi yake kwenye orodha za magazeti.

Nimepitisha vyuo vyako kwenye swali hilo. Amherst na Bowdoin ni vyuo vizuri mno, wanawachagua wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa kifedha, na msaada wao hauna mkopo ndani yake. Lakini hawatoi shahada ya uhandisi. Wewe unataka uhandisi wa kemikali, na Yale wanao. Viondoke. Stanford, Columbia na Cornell wana uhandisi wa kemikali wa nguvu, ila wao huangalia uwezo wa kifedha wanapowachagua wanafunzi wa kigeni wanaoomba msaada. Njia yako huko ni nyembamba zaidi, na hata ukipita, msaada wao hautazidi kile ambacho Yale wakishasahihisha hesabu watakupa. Mahali hapo pia ndipo maombi ya mtu ambaye hana nia ya kwenda huwaumiza wengine. Chuo kinachotenga fedha maalumu kwa wanafunzi wa kigeni, kikikupa fungu, fungu hilo linakaa kwa jina lako hadi utakapolikataa. Mwenzako wa darasani mwenye nia hasa ya kwenda Cornell anasomwa na maofisa walewale, mara nyingi kwa kulinganishwa na wanafunzi wa shule ileile. Hakuna mgao rasmi wa shule yenu ambao wewe unaula, nisikutishe bure. Lakini kumsongea rafiki kwa ombi usilolitaka si haki.

Harvard nimeiondoa kwa sababu ya fani yako tu. Kwa fedha wangekufaa: tangu mwaka wa masomo wa 2025, familia yenye mapato yasiyofika dola 100,000 na mali za kawaida haichangii kitu.

MIT ibaki kwa sababu mbili. Uhandisi wa kemikali wake ni mkubwa, una maabara na walimu wengi kuliko Yale, na kwa fedha nao wamesema wazazi wenye mapato chini ya dola 100,000 na mali za kawaida hawatarajiwi kuchangia. Hiyo ni labda yenye sababu. Princeton ibaki kwa sababu hizohizo. Wao wametangaza kuwa familia nyingi zenye mapato hadi dola 150,000 hazitalipa chochote. Vyuo vyote vitatu, Yale wakiwemo, huwachagua wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo, kisha hujaza pengo lote wanaloliona. Neno la kushika ni "wanaloliona". Kila chuo kina kanuni zake za kuhesabu mali, kwa hiyo nyumba ileile inaweza kukuletea deni chuo kimoja na isikuletee chuo kingine. Ndiyo maana kuwa na barua ya pili ya fedha mwezi Machi si tamaa.

NYU Abu Dhabi nitaieleza nikifika kwenye viza.

Sasa fedha, ambazo ndizo zinaweza kubadilisha maisha ya nyumbani kwenu. Dola 4,600 ni kama shilingi 590,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni zaidi ya shilingi milioni 2.3. Kwa karani wa bandari huo ni mzigo wa kuuza kitu. Lakini kufikia mwisho wa 2025 Yale wenyewe walikuwa wakisema familia yenye mapato chini ya dola 75,000 na mali za kawaida haitarajiwi kuchangia. Nyinyi mko chini sana ya hapo. Basi kilichowaletea mchango ni mali na namna mapato yalivyoandikwa.

Kosa la kwanza ni duka. CSS Profile, yaani ile fomu ya fedha mliyojaza, inataka mauzo mahali pake, gharama mahali pake, na faida mahali pake. Mkiandika mauzo mahali pa mapato, ofisa wa Yale kule Connecticut atasoma kwamba mama anapeleka nyumbani shilingi milioni 2.6. Fanyeni hesabu kama hii: mauzo 2,600,000, toa bei ya kununulia vitambaa, tuseme 1,700,000, toa kodi ya duka, 180,000, toa mshahara wa msaidizi, 150,000. Kilichobaki ni 570,000, na leseni ya kaunti na umeme bado hazijatolewa. Hicho ndicho kipato cha mama. Tofauti ni zaidi ya mara nne.

Kosa la pili ni nyumba ya Kisauni, na hili huzipata familia nyingi za pwani kwa sababu fomu ile haijui urithi usiogawanywa. Imeuliza kama baba ana mali nyingine isiyohamishika, nanyi kwa uaminifu mkaandika nyumba nzima. Lakini nyumba ya urithi si ya mtu mmoja. Tuseme babu na bibi wote wameshafariki na wameacha watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mafungu ni sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Fungu la baba ni theluthi, yaani kama shilingi milioni 4.7, wala si 14. Tena fungu hilo haliuziki peke yake wala halikopeki benki kama hati haijagawanywa, na kama shangazi zako wanaishi humo, halileti kodi. Hayo yote ofisi ya fedha inaweza kuyazingatia, lakini lazima yaandikwe na mtu ayaone.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja, kwa jina la baba, na muipandishe kwenye ukurasa wako wa fedha wa Yale. Aya ya kwanza: mnashukuru, na mmegundua sehemu mbili za fomu zilizojazwa vibaya. Aya ya pili: hesabu ya duka kwa mistari, mwaka wake, na kiwango cha kubadilishia dola mlichotumia. Aya ya tatu: nyumba ni ya nani, warithi wangapi, fungu la baba ni lipi, nani anakaa humo. Ambatanisheni kurasa za daftari la duka au taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12, nakala ya marejesho ya kodi ya KRA, na hati ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi kama ipo. Kama haipo, barua ya warithi wenyewe yenye saini zao. Chochote kilicho kwa Kiswahili kitiwe tafsiri ya Kiingereza. Kama baba anawalipia karo watoto wa ndugu yake, ongezeni sentensi moja na risiti. Gharama hiyo huenda isihesabiwe, lakini isipoandikwa haina njia ya kuhesabiwa.

Msiandike kwamba mmepata ofa bora kwingine kama hamjaipata, wala msipandishe sauti. Vyuo vinavyotoa msaada kwa uhitaji peke yake havipigi mnada. Hupitia hesabu, na hesabu ikibadilika, barua hubadilika. Mkiituma kesho msitegemee jibu kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa ofisi nyingi za vyuo hufungwa tangu Krismasi hadi Januari. Hapo ndipo MIT na Princeton zinapopata maana: tarehe zao za mwisho zitafika kabla hamjajua Yale watasema nini. Na makosa yaleyale mliyofanya kwenye CSS msiyapeleke huko. Sahihisheni kwenye fomu yenyewe kabla ya kuongeza chuo kingine.

Kuhusu gharama za maombi: ada ya chuo ni kati ya dola 70 na 100 kwa vingi vya aina hii, na CSS hutoza dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Yote tisa yangekula karibu shilingi laki moja. Kwa matatu, omba msamaha wa ada. Kwenye Common App kuna sehemu ya kuomba, na mshauri anathibitisha. Chuo kikikataa, waandikie barua pepe mbili tatu zenye adabu. Ada ya maombi husamehewa zaidi ya watu wanavyodhani.

Kazi yenyewe sasa. MIT hawatumii Common App. Wana fomu yao, insha fupi zao, na barua za walimu hupandishwa kwenye mfumo wao peke yao: mmoja wa hesabu au sayansi, mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Barua zilizokwenda Yale haziendi huko zenyewe, na walimu wako wako likizoni. Wapigie simu leo, usiandike ujumbe tu. Princeton nao wanataka kazi yako ya maandishi iliyosahihishwa na mwalimu, yenye alama na maoni yake, na husema wangependelea ya Kiingereza au historia. Watu wengi hukwama hapo: karatasi iko kabatini shuleni na shule imefungwa. Tafuta kwenye madaftari yako ya nyumbani kwanza, na picha ya simu iliyo wazi na iliyonyooka inatosha kugeuzwa faili ya PDF.

Siku zako zipange hivi. Siku mbili za kwanza ni za barua ya Yale na simu za walimu. Kisha siku tatu za Princeton, ambao mwisho wao ni tarehe 1 Januari, halafu MIT, halafu Abu Dhabi tarehe 5. Insha ya Yale usiibandike kwingine kwa kubadilisha jina la chuo. Sehemu ya "kwa nini hapa" iandike upya, utaje maabara au somo unalolijua. Tarehe ya mwisho kwenye Common App kwa kawaida ni saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za mahali ulipo, lakini tuma siku mbili kabla. Usiku wa mwisho mtandao huelemewa na kadi za benki hukataa malipo ya nje. Ukifika tarehe 30 na ombi moja halijawa zuri, liache. Ombi bovu halikuongezei kitu ukiwa na Yale mkononi.

Viza ndiyo sababu ya Abu Dhabi. Mwanafunzi wa kigeni leo hawezi kupanga kana kwamba barua ya chuo ni tiketi ya ndege. Juni 2025 Marekani iliisimamishia Burundi viza za wanafunzi, na tangazo la Desemba 2025 liliiweka Tanzania katika hali hiyohiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kenya haikuwamo. Lakini mambo haya yalibadilika mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na Mei 2025 serikali ilijaribu hata kuinyima Harvard kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikazuia. Kwa hiyo mlango mmoja nje ya Marekani ni busara tu. Abu Dhabi wanatoa msaada kulingana na uhitaji, na viza yake haipitii ubalozi wa Marekani. Hawana shahada ya uhandisi wa kemikali, utachagua kati ya uhandisi wa mitambo, wa viumbe, au kemia yenyewe. Ndiyo maana ni mlango wa pili tu.

Uingereza pia iko wazi kwako: UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya huko, hupokea hadi katikati ya Januari, machaguo matano. Lakini ada ya mwanafunzi wa kigeni huko ni kubwa na msaada wa kulipia yote ni haba mno. Mlango usioweza kulipia usiuhesabu. Afadhali uombe chuo kikuu cha hapa nyumbani kinachopokea A-level moja kwa moja.

Ukishaamua chuo, usingoje tarehe 1 Mei kwa fahari tu. Barua ya I-20, hati ya chuo ya kuombea viza, hutoka baada ya kukubali na kuthibitisha fedha. Ndipo ulipe ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni (dola 350 mwaka 2025), ujaze DS-160, fomu ya maombi ya viza, ulipe ada ya viza (dola 185 mwaka huo), na upange mahojiano ubalozini, Gigiri. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, inaweza kutolewa hadi siku 365 kabla ya masomo kuanza, ingawa kuingia ni siku 30 kabla. Aliyeomba miadi Aprili huwa na nafasi ya kurudia kama kuna hati imekosekana. Aliyeomba Julai hana. Tangu Juni 2025 waombaji huagizwa pia waache akaunti zao za mitandao wazi zionekane. Viza ikichelewa kupita kiasi, andikia chuo uombe kuahirisha mwaka mmoja. Ni ombi, na wao ndio wataamua.

MIT hujibu katikati ya Machi, Princeton na Abu Dhabi mwisho wa Machi. Zikija barua mbili za fedha, usilinganishe ukubwa wa msaada. Andika kile mtakachotoa nyinyi: mchango wa wazazi, mchango wa mwanafunzi kutoka kazi za likizo na kazi za chuoni, bima ya afya kama haijalipiwa, nauli ya ndege, nguo za baridi, na mahali pa kulala mabweni yakifungwa Desemba. Ukiwa na F-1 unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo mchango wa mwanafunzi wa dola elfu mbili tatu unawezekana. Wa dola elfu saba utakula masomo. Kama Princeton wameweka mchango wa wazazi kuwa sufuri na Yale bado wana namba, wapelekee Yale barua ile na uwaulize kwa adabu wapi hesabu zimetofautiana.

Ukikataa chuo, kitaarifu siku hiyohiyo kupitia ukurasa wako wa mwombaji, au kwa barua pepe kutoka anwani uliyoombea: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya ombi, na sentensi moja kwamba unaondoa ombi kwa sababu umechagua chuo kingine. Kufuta chuo kwenye Common App hakuondoi ombi lililokwisha kutumwa. Wengi hudhani limeondoka na barua zinaendelea kuja. Na usithibitishe vyuo viwili kwa pamoja, hata kama kimoja hakidai amana.

Mwambie mshauri wako uamuzi huu kesho, na umwombe ripoti ya nusu mwaka iende Yale pamoja na vile vitatu. Alama zako za mwisho bado zina kazi: barua ya Yale haikutajii pointi kama za Uingereza, lakini wanaweza kuifuta alama zikiporomoka bila sababu. Kemia na hesabu za Juni zisomee kama vile hujapata barua yoyote.